Kuchagua Kishikio cha Darubini ya Bunduki kwa Shabaha za Mbali Sana

Anza na hesabu, si bei. Darubini yenye marekebisho ya wima ya jumla ya dakika 100 za pembe (dakika moja ni 1/60 ya digrii), juu ya reli bapa ya bunduki, yaani isiyoinama, hukubakizia takriban 50 za kupandisha ukishairekebisha ilenge sawasawa kwa mita 100. Kishikio kinachoiinamisha mbele dakika 20 hukupa 70. Usizidishe: kwa mwinamo wa 60, hata shabaha ya mita 100 hutaipata. Reli nayo ikiwa imeinama, jumlisha yote mawili.

Chukua kishikio cha kipande kimoja, chenye kipenyo cha bomba la darubini yako: milimita 30 au 34. Kabla ya kukaza, kisukume mbele hadi kigonge ukingo wa mfereji wa reli. Ukiacha upenyo, teke la bunduki litakisogeza. Skrubu za pete zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa kiwango cha mtengenezaji. Zikizidi, bomba hubonyea.