Kufunga blaindi mwenyewe: kazi iko kwenye kipimo na kwenye tundu

Blaindi, yaani pazia la dirisha la kupandisha na kushusha, nyingi ninazoitwa kuzirudisha ukutani huwa hazijaharibika. Kitambaa ni kizima, mnyororo unavuta vizuri, ila skrubu zimeng'oka na kipande cha plasta. Kigamboni nilikuta blaindi ya sebuleni imedondoka wiki tatu tu tangu ifungwe. Skrubu zote ziliishia kwenye plasta, hakuna hata moja iliyofika kwenye zege. Mtoto wa nyumba hiyo alikuwa ametoka kucheza palepale chini ya dirisha. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye kupima na kutoboa.

Ninazungumzia rola, yaani kitambaa kinachojiviringisha kwenye bomba la alminiamu na kuvutwa kwa mnyororo wa shanga. Za vibapa, yaani za vipande vyembamba vilivyopangwa, zina braketi na namna ya kuvuta tofauti. Kupima na kutoboa ni kulekule.

1. Amua inakaa wapi

Blaindi inaweza kukaa ndani ya uwazi wa dirisha au juu yake, ukutani. Nyumba zetu nyingi zina ukuta wa tofali la inchi 6. Ukishaweka dirisha la kuteleza, wavu wa mbu na grili, nafasi inayobaki ndani ni ndogo. Shika futi kamba, pima kutoka uso wa ukuta hadi kitu cha kwanza kinachojitokeza: grili, kitasa, au mpini wa luva kwenye nyumba za zamani. Ikiwa ni chini ya sentimita 7, funga ukutani. Mimi huchagua ukutani karibu kila mara, kwa sababu mwanga wa pembeni unazibika na tundu zinaangukia kwenye lenta, sehemu ngumu kuliko zote juu ya dirisha.

2. Pima

Kwa blaindi ya ndani, pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Madirisha hayanyooki kama yanavyoonekana. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, punguza sentimita 1. Lakini muulize muuzaji kwanza kama na yeye anapunguza, maana mkipunguza wote wawili utabaki na mwanya.

Kwa ya ukutani, ongeza sentimita 10 kila upande, 15 juu na 10 chini. Kumbuka upana unaoandikiwa dukani mara nyingi ni wa braketi hadi braketi. Kitambaa chenyewe ni chembamba kwa sentimita 3 hivi. Andika upana kwanza, kisha urefu, na uandike maneno hayo kabisa pembeni ya namba.

3. Vifaa

Drili yenye nyundo, biti ya zege ya milimita 6, plagi za plastiki za ukutani za milimita 6, skrubu za milimita 50, nyundo ndogo, bisibisi, pimamaji, penseli, miwani ya kukinga macho na ngazi isiyoyumba. Ukiwa karibu na bahari nunua skrubu zisizoshika kutu, la sivyo utaona michirizi ya kahawia ikishuka ukutani.

4. Weka alama, kisha toboa

Shikilia braketi ya kwanza, chora tundu zake kwa penseli. Ya pili iweke kwa pimamaji. Usifuate mstari wa dari wala ukingo wa dirisha, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuwa vimepinda. Rola iliyoinama hujiviringisha ikienda upande mmoja hadi ukingo wa kitambaa unachakaa kwa kusugua braketi.

Kabla ya kutoboa, tazama swichi na soketi zilizo karibu, hasa soketi ya kiyoyozi. Nyaya hupita ndani ya ukuta, kwa kawaida zikinyooka juu au chini ya soketi. Usitoboe kwenye mstari huo.

Zungushia tepu kwenye biti, sentimita 5.5 kutoka nchani, ikuoneshe kina. Anza polepole bila nyundo ili plasta isipasuke, kisha washa nyundo. Sikiliza drili. Kwenye plasta inaingia kirahisi. Ikifika kwenye zege sauti inabadilika na mkono unahisi ugumu. Hapo ndipo skrubu inatakiwa kushika. Ikigoma kabisa na kutoa mlio wa chuma, umegonga nondo: acha, sogea sentimita 2. Ikizama ghafla au tundu likibomoka, hama kwenye biti na plagi za milimita 8 na skrubu ndefu na nene zaidi.

Safisha vumbi ndani ya tundu. Plagi iingie kwa kugongwa taratibu. Ikiingia kwa kidole tu, tundu ni kubwa mno. Isukume ivuke plasta.

5. Pachika

Kaza braketi, ingiza upande wa mnyororo kwanza, halafu upande wenye pini ya springi hadi usikie inabofya. Ivute kwa mkono kabla hujashuka ngazi. Shusha na pandisha mara tano. Kitambaa kikihamia kushoto, rudi kwenye pimamaji. Kama braketi ziko sawa, bandika kipande cha tepu kwenye bomba upande wa kulia, chini ya kitambaa.

6. Mnyororo

Ndani ya boksi kuna kishikio kidogo cha plastiki ambacho watu wengi hukitupa. Kifunge ukutani, mnyororo ukiwa umekazwa kiasi, usining'inie kama kitanzi. Mtoto mdogo anaweza kunyongwa na kitanzi hicho kimyakimya, mzazi akiwa chumba cha pili. Kama blaindi yako ni ya kamba, izungushie kwenye kishikio kilicho angalau sentimita 150 kutoka sakafuni, kama kanuni za Ulaya zinavyotaka. Kisha sogeza kitanda, kiti na kochi mbali na dirisha hilo kabla ya usiku kuingia.