Mtoto anavuka maji: namna ya kuchagua chuo kidogo cha Kilutheri

Wazazi wenzangu wa Unguja na Pemba, walio wakubwa shikamooni. Matokeo ya kidato cha sita kwa kawaida hutoka Julai na dirisha la kuomba vyuo halingoji mtu, kwa hiyo somo hili nalileta mapema.

Sisi Walutheri wa visiwani tu wachache, na chuo kikuu chetu hapa hatuna. Ipo SUZA, chuo kikuu cha serikali, kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, ipo Sumait Chukwani, na mtoto akisoma huko hajapotea. Lakini mzazi anayetaka chuo cha KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kidogo, chenye watu wanaojuana, lazima mwanawe apande boti. Mimi nimevusha wawili. Wa kwanza nilikosea, wa pili nikapata akili.

Hatua ya 1: Anza na mtoto, usianze na chuo

Binti yangu alimaliza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) akitaka sheria. Mimi nikasikiliza sifa za mwenzangu wa kwaya, nikampeleka chuo ambacho mwanawe alisomea ualimu akafurahi. Sheria hakikuwa nayo. "Utaizoea tu," nikamwambia. Hakuizoea. Mwaka mmoja na ada yake vikaenda na maji, na kwa miezi kadhaa tukawa tunasalimiana kwa adabu tu.

Basi jua kipi kinafundisha nini. Tumaini Makumira iko Usa River, kwenye barabara ya Arusha na Moshi. Wachungaji wanasomea pale tangu 1954, lakini siku hizi kuna ualimu, sheria, hata shahada ya muziki, ambayo si rahisi kuipata kwengine. Chuo Kikuu cha Iringa kilianza mwaka 1994 chini ya Dayosisi ya Iringa, na kina sheria, biashara na uandishi wa habari. Tumaini ya Dar es Salaam ndiyo ya karibu kwetu. Wanaopenda kazi za maktaba na habari huangalia huko. Anayetaka udaktari atazame chuo cha tiba cha KCMC, Moshi, ila huyo awe na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na alama za kueleweka.

Hatua ya 2: Kibali, mara mbili

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili. Kifungue mwenyewe. Usitosheke kuona jina la chuo. Tafuta jina la kozi ndani ya chuo hicho, kwa mwaka huu. Chuo kinaweza kuwa na kibali na kozi fulani ikawa imesimamishwa. Hapo hapo utaona sifa za kuingilia. Kwa kawaida mtoto anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4 au zaidi, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafungua mlango, ingawa kozi nyingi hutaja na masomo gani.

Hatua ya 3: Hesabu yote, si ada peke yake

Omba mchanganuo wa ada kwa maandishi: usajili, mitihani, bima ya afya, dakhalia, mafunzo kwa vitendo. Halafu ongeza ya kwetu ambayo watu wa bara hawana. Kwenda Iringa, kwa mfano, ni boti mpaka Dar, kulala usiku mmoja kwa ndugu, alfajiri Mbezi Louis kupanda basi, Morogoro, mbuga ya Mikumi, Ruaha Mbuyuni, kisha kupanda mlima Kitonga gari likilia kama ng'ombe. Ni siku mbili na nauli mbili, kwenda na kurudi, kila likizo. Na mabegi mazito kwenye boti yana bei yake.

Hatua ya 4: Nenda ukaone, siku isiyo na sherehe

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Siku ya mahafali kila ukuta umepakwa rangi. Kwa ajili ya mdogo wake binti yangu nilifika chuo kimoja Jumatano bila kumwambia mtu, nikakaa kwenye benchi nje ya darasa. Mhadhiri akatoka na fungu la karatasi za jaribio, akawa anazigawa bila kusoma majina, anatazama sura tu. Akamfikia kijana mmoja, akaizuia ya kwake. "Hii si kazi yako mimi ninayoijua. Njoo ofisini saa nane." Kijana akachekea pembeni, na saa nane nikamwona anapiga hodi.

Nikamuuliza binti aliyekuwa anakula mihogo karibu yangu: mwanafunzi akikosekana wiki nzima, nani atajua? Hakufikiri hata kidogo. "Mlezi wa darasa letu. Halafu mchungaji wa chuo. Halafu mama wa kantini, maana nina deni lake." Swali hilo hilo nililiuliza chuo kingine, wanafunzi watatu wakatazamana. Mwanangu nimempeleka kule kwenye deni la kantini.

Udogo nao una ubaya wake, tusidanganyane. Mhadhiri mmoja akiondoka, kozi inayumba; uliza wahadhiri wangapi wa kozi hiyo wameajiriwa moja kwa moja, na wangapi wanakuja kwa saa. Ingia maktaba, toa kitabu cha kozi ya mwanao, fungua ukurasa wa mwisho penye mihuri ya tarehe za kuazimwa. Mihuri ya karibuni ikiwa imejaa, kitabu kinasomwa. Ukikuta ya mwisho ni ya miaka mingi iliyopita, kitabu hicho ni pambo. Na umbea wa chuo kidogo, mama yangu! Mtoto mkimya sana utamtesa.

Hatua ya 5: Pa kulala

Dakhalia ya ndani ya chuo kwa mwaka wa kwanza, hata ikiwa na vitanda vya juu na chini. Vyumba vya mtaani atavijua mwaka wa pili, akiwa na marafiki.

Maswali yenu

*Mzazi wa Chake Chake:* Jirani yangu ananishauri chuo chenu, lakini sisi Waislamu. Mwanangu atalazimishwa kanisani?

Vyuo hivi hupokea wanafunzi wa dini zote, na wa kutoka visiwani si ajabu huko. Lakini usiende kwa kudhani. Uliza mambo manne: ibada za chuo ni lazima au hiari, hijabu ina kizuizi chochote, ataswali wapi, na Ramadhani kantini inafanyaje wakati wa futari na daku. Mwambie msajili akujibu kwa barua. Akikwambia kwa mdomo tu kwamba "hakuna shida," omba tena barua.

*Mama wa Mwanakwerekwe:* Mkopo je? Nimeambiwa chuo cha kanisa hakipati.

Si kweli. Kinachotazamwa ni kama chuo na kozi vinatambuliwa. Mtoto wa Kizanzibari huomba kwenye Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Andaa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya skuli mapema, kwani foleni ya mwisho si ya kuitamani. Na ulipie muhula wa kwanza kama vile mkopo haupo, ukija, alhamdulillahi.

*Baba wa Fuoni:* Kijana wangu amechaguliwa vyuo viwili. Anashika vyote?

Hapana, kaka. Maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, lakini aliyechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Kwa hiyo simu aliyojazia fomu iwe yake, si ya mjomba aliyepo Oman.

*Dada wa Bububu:* Mdogo wangu ana kidato cha nne tu, anataka uuguzi.

Basi si TCU, ni NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi. Zipo hospitali za Kilutheri zenye vyuo vya afya pembeni yake, kama Haydom kule Mbulu, Machame Kilimanjaro na Ilembula mkoa wa Njombe. Angalia ufaulu wake wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Somo la dini halihesabiwi katika pasi nne anazotakiwa kuwa nazo, na hapo ndipo wengi wetu hukwama.

*Mzee wa Mazizini:* Mjukuu anasema kuna vyuo vya Kilutheri Marekani.

Vipo, mzee wangu, na ni vidogo kweli. Luther College ya Decorah, Iowa, ni ya mwaka 1861, na St. Olaf ya Northfield, Minnesota, ni ya 1874. Vyote vilianzishwa na wahamiaji wa Kinorwe. Vina muziki mzito wa kwaya. Ada ni kubwa mno, kwa hiyo msaada wa fedha uombwe pamoja na maombi ya kujiunga, miezi mingi kabla. Asisubiri akubaliwe kwanza.

*Mama wa Wete:* Wangu hajawahi kulala nje ya Pemba. Tumekubaliana Iringa. Nimfungie nini?

Sweta mbili na blanketi zito, dada. Juni na Julai kule ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Dagaa wakavu kidogo, wafunge vizuri maana basi zima litakulalamikia. Na umwombe mchungaji wako ampigie mwenzake wa Iringa, awepo mtu wa kumpokea stendi, kwa sababu basi linaweza kufika jioni na giza limeshaingia.