Bodi ya shule ya mwanao Marekani ikianza kugombania Darwin na uumbaji, anzia hapa

Mtoto karudi shule anasema mwalimu wa sayansi kawaambia evolusheni, ile hoja ya Darwin kwamba viumbe hubadilika kidogokidogo vizazi kwa vizazi, ni "nadharia tu", au muumini mwenzako anakupitia na gari Jumanne usiku eti twende kikao cha bodi tukakatae kitabu cha baiolojia, na wewe hujui hata hiyo bodi ni kina nani. Wengi wetu tuliosoma Tanzania, Zinjanthropus wa Olduvai tulimsoma kwenye historia, kipindi cha dini kikawa na saa yake, na hakuna aliyempeleka mtu mahakamani. Huku wanapelekana, tangu 1925, mwalimu John Scopes aliposhtakiwa kule Dayton, Tennessee kwa kufundisha kwamba binadamu katokana na wanyama.

Kwanza jua nani anaamua. Marekani hakuna mtaala mmoja wa taifa. Jimbo linaweka viwango, wilaya ya shule inapanga mengine, na wanaokaa kwenye hizo bodi mara nyingi ni watu wa kupigiwa kura tu, anaweza kuwa daktari wa meno, anaweza kuwa muuza magari. Ndo maana mambo yanageuka kila uchaguzi. Kansas bodi ya jimbo ilipunguza evolusheni kwenye viwango 1999, ikarudishwa 2001, ikavurugwa tena 2005, ikarudishwa 2007. Mtoto aliyeanza la kwanza 1999 kaishi zamu zote hizo.

Sheria yenyewe si ngumu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema 1968 jimbo haliwezi kupiga marufuku evolusheni kwa sababu za dini, halafu 1987 kwenye kesi ya Louisiana, majaji 7 kwa 2, ikasema huwezi kulazimisha uumbaji ufundishwe sambamba nayo kwenye shule ya umma. Hiyo ni shule ya umma, na ni darasa la sayansi. Shule binafsi ni habari nyingine, na mwanao kusali mwenyewe au kusema imani yake hakuna anayemkataza.

Sasa hapa tulia kidogo maana ndo penye ujanja: jifunze kusoma maneno. Baada ya 1987 neno "uumbaji" likawa na nuksi, basi likabadilishiwa koti. Dover, Pennsylvania, Oktoba 2004, bodi ilipiga kura 6 kwa 3 wanafunzi wa baiolojia wajulishwe kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo na kuna kitu kinaitwa intelijenti dizaini, yaani viumbe vimebuniwa na mwenye akili fulani. Likatungwa tamko la kuwasomea darasani, wakitaka kujua zaidi kuna kitabu, Of Pandas and People. Walimu wa sayansi wakagoma kulisoma, ikabidi viongozi wa wilaya waingie darasani walisome wao. Wazazi 11 wakashtaki. Mahakamani zikaletwa rasimu za zamani za kile kitabu, zikalinganishwa, ikaonekana palipokuwa na neno la uumbaji pamebandikwa intelijenti dizaini, tena mahali pamoja mtu kakosea kubandika yakabaki maneno yamegandana, "cdesign proponentsists": "creationists" (watu wa uumbaji) limeingiliwa na "design proponents" (watetezi wa dizaini). Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Bush mwenyewe, akaandika kurasa 139 kwamba hiyo ni dini na sio sayansi.

Kwa hiyo ukiletewa karatasi ya bodi usitafute neno Mungu, hulikuti. Tafuta "nguvu na udhaifu wa nadharia" (strengths and weaknesses), "uhuru wa kitaaluma" (academic freedom), "fikra tunduizi" (critical thinking). Sheria ya Louisiana ya 2008 na ile ya Tennessee ya 2012 zinaongea lugha hiyohiyo. Sio kila anayesema fikra tunduizi ana ajenda, ila ukiona inadaiwa kwa evolusheni na tabianchi tu, na sio kwa kemia, uliza kwanini.

Na usikubali kuambiwa ni vita ya waumini na wapagani. Arkansas ilipopitisha 1981 sheria ya kuupa uumbaji muda sawa na evolusheni darasani, walioshtaki walikuwemo maaskofu wa Kikatoliki, Kimethodisti na Kiepiskopali. Shahidi mkubwa wa wazazi kesi ya Dover, mwanabaiolojia Kenneth Miller, ni Mkatoliki. Mimi ni mlokole na naamini Mungu kaumba, ila uumbaji unaopigiwa debe huku mara nyingi ni wa dunia yenye miaka kama 6,000 hivi, wa makanisa fulani tu, sasa wewe Mwislamu wa Minneapolis au Mkatoliki wa kutoka Goma jiulize unaupigia kura uumbaji wa nani.

Ukienda kikaoni: ajenda huwekwa mtandaoni siku kadhaa kabla, isome. Jiandikishe kuongea mapema, utapewa dakika 2 au 3 hivi, kwa kawaida huhitaji uraia kwa hilo. Andika, usiongee kichwani, dakika zinaisha kabla hujamaliza salamu zetu zile. Usibishane Biblia. Uliza: walimu wa sayansi wa wilaya wamesemaje, wakili wa wilaya kashauri nini, tukishtakiwa nani analipa? Dover walilipa gharama za mawakili zaidi ya dola milioni 1, hela ya shule.

Kama tatizo ni mwalimu mmoja, usianzie kwa bodi. Omba kuona karatasi aliyowapa watoto, mwandikie imeili ya heshima, asipojibu nenda kwa mkuu wa shule, tunza nakala.

Na kama una uraia, kura ya bodi usiipuuze maana wanaojitokeza huwa wachache. Dover hukumu ilitoka Desemba 20, 2005, lakini wajumbe wanane waliogombea kuitetea sera ile walikuwa wameshaangushwa wote Novemba 8, wiki sita kabla jaji hajasema kitu.