Kuloweka mbegu za nyasi za asili ziwahi kuota kabla ya magugu vamizi

Magugu vamizi mengi ya msimu mmoja huota upesi, yakawahi maji na mbolea ya udongo nyasi za asili zikiwa bado ardhini. Kuiamsha mbegu kabla ya kuipanda hupunguza pengo hilo.

Kwanza pepeta makapi. Hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya karatasi yenye unyevu usiotiririka, funika, uweke mahali penye kivuli na joto la nyuzi 20 hivi. Kagua kila baada ya saa 6. Andika zimepita saa ngapi tangu kuzitandaza unapoona kizizi cheupe cha kwanza kikitoboa ganda. Zisipoota kabisa, huenda bado zimelala, hasa zikiwa za mavuno mapya. Zihifadhi pakavu miezi kadhaa, kisha zijaribu tena.

Sasa pima mbegu za kupanda, tuseme gramu 200. Zitandaze vilevile, kwa joto lilelile, lakini zitoe muda ukifika theluthi mbili tu: kama kizizi kilitokea saa ya 36, toa saa ya 24. Hapa ndipo wengi huharibu. Kizizi kikishatoka, kukausha kunaiua mbegu. Usizizamishe ndooni usiku kucha pia, kwa sababu zinaweza kukosa hewa na kuharibika.

Kausha kivulini penye upepo, ukizigeuza mara kwa mara, mpaka uzito urudi karibu na gramu 200. Zikibaki na unyevu, zitaota ukungu. Juani usizianike.

Kabla ya kupanda, otesha 100 zilizolowekwa na 100 ambazo hazikulowekwa, uhesabu kila siku. Zilizolowekwa zisipotangulia, kwa aina hiyo ya nyasi kuloweka ni kazi bure.

Panda mapema, maana hazikai ghalani muda mrefu kama mbegu za kawaida. Ng'oa magugu kwanza, kisha fukia kwa udongo mwembamba, sentimita 1 inatosha kwa mbegu ndogo. Mbolea ya naitrojeni iache, magugu ndiyo yatakayoifaidi kwanza.

Mvua zikiwa za kubahatisha, changanya nusu kwa nusu na mbegu ambazo hazikulowekwa. Manyunyu ya mwanzo yakidanganya kisha jua likawaka, miche iliyowahi itakauka, na zile nyingine zitakuwa bado zinasubiri mvua ya kweli.