Kupika wodi: haraka kwanza, subira baadaye

Mmea huu wa kutengenezea rangi ya buluu ya kutia nguo nauita wodi, na hauhusiani na ile ya hospitali. Kitaalamu ni Isatis tinctoria, wa ukoo mmoja na kabichi. Ukiutazama bustanini huoni hata tone la buluu: majani ya kijani, maua ya njano. Ukishaona maua, umechelewa. Rangi imo kwenye majani ya mwaka wa kwanza.

Yachume na uyapike siku hiyohiyo. Mimi mara ya kwanza niliyalaza, yakanyauka, nikaambulia maji ya rangi ya chai.

Anza na kilo 1 ya majani, ingawa utapata gramu chache tu za rangi. Yachanechane, yaloweke dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 80 za Selsiasi, kisha tumbukiza sufuria nzima kwenye beseni la barafu mpaka joto lishuke hadi 50. Hapo usizubae, joto likikawia linaiua rangi. Chuja, kamua, tia magadi ya kufulia yaliyokwisha kuyeyushwa, halafu piga kwa kifaa cha kupigia mayai. Povu litageuka buluu, kisha litapauka. Sasa acha. Kufikia kesho yake nili, yaani ile rangi ya buluu, imetuama chini. Mwaga maji ya juu polepole.

Ndiyo, ni nili ileile ya India, ila wodi hutoa kidogo zaidi. Ndiyo maana nili ya India ilipofika Ulaya kwa merikebu, wafanyabiashara wa Toulouse waliotajirika kwa wodi walitetemeka, na mwaka 1609 Mfalme Henri IV wa Ufaransa akatangaza kifo kwa atakayetumia hiyo ya India. Haikusaidia kitu.

Nili haiyeyuki kwenye maji matupu. Ili iyeyuke, wazee wa kazi hii waliivundika kwenye mkojo uliochacha. Harufu yake nakuachia wewe. Mimi hutumia sodiamu haidrosalfaiti kidogo (kemikali ya kuondoa oksijeni majini) na magadi, maji ya nyuzi 50, glavu mkononi, dirisha wazi. Maji yakiwa ya njano-kijani, zamisha sufu ya kondoo iliyolowa bila kutoa mapovu. Dakika 10 zinatosha. Itoe: njano, kijani, halafu buluu, mbele ya macho yako, kwa kuguswa na hewa tu. Ukitaka iliyokolea, rudia kuchovya, usiongeze muda.

Mmea uliobaki ukichanua, kata maua kabla mbegu hazijapukutika. Kule Utah, Marekani, wodi imeshakuwa gugu la kupigwa vita.