Spark: ripoti ndogo isikwame nyuma ya kazi kubwa

Hapa Moshi tunachakata data za mizani ya kahawa kwa Spark (programu inayogawa hesabu kubwa kwa kompyuta nyingi), na ripoti ya dakika moja ilikuwa inasubiri hesabu za msimu mzima. Weka `spark.scheduler.mode=FAIR`, kisha kwenye thredi ya ripoti (mkondo wa programu unaoituma) andika `sc.setLocalProperty("spark.scheduler.pool", "ripoti")`, ili iingie kundi lake (pool); `sc` ni SparkContext yako. Kwa kawaida Spark hufuata FIFO (wa kwanza kuingia, wa kwanza kuhudumiwa): kazi iliyotangulia hupewa kori za kichakataji kwanza mradi bado ina taski, yaani vipande vyake, vya kuendesha. Kwa FAIR, kori ikiachwa huru hugawanywa kati ya makundi. Hilo la kundi msiliruke jamani, bila hilo kazi zote huangukia kundi moja, na humo foleni ni ileile. FAIR haisaidii ukituma kazi zote kwa thredi moja, moja baada ya nyingine. Wala taski zikiwa ndefu mno, maana iliyokwisha kuanza haikatizwi. Hapo ongeza patisheni (vipande vya data) kwanza, ili taski ziwe fupi.