Kabla ya kubadilisha sili, pima valvu ya PCV

Gari la zamani likianza kuvuja oili kwenye sili, anza na valvu ya PCV (ile inayotoa gesi zinazojikusanya ndani ya injini) kabla hujafungua kitu kikubwa. Washa injini, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, chomoa valvu kwenye kifuniko cha juu cha injini (mpira wake, yaani bomba lake, ubaki umeunganishwa), kisha ziba mdomo wake kwa kidole gumba. Kidole kikivutwa, njia iko wazi. Usipohisi kitu, valvu au mpira umeziba: gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni hazina pa kutokea, presha inapanda ndani na kusukuma oili nje. Mimi huzima injini na kuitikisa valvu pia. Isipogonga ndani, imeganda. Ila mlio huo wa kugonga pekee usikutulize, maana hata yenye springi iliyochoka hugonga. Kagua mpira wenyewe kwenye kona, ndipo hulainika na kujibana. Kipimo hiki hakifai pale valvu ilipojengwa ndani ya kifuniko. Na ringi zikiwa zimekwisha, valvu mpya haitasaidia: gesi ni nyingi kuliko inavyoweza kuvuta.